Sinema ya mizaha yazua kicheko na kinyongo Mukuru

Ni sinema iliyochekesha dunia nzima na kukasirisha serikali. Tulipoitazama katika kibanda cha video huko Mukuru kwa Reuben, wakazi walicheka hadi machozi. Kisha wakauliza swali ambalo wengi hawaulizi: aliyekuwa akichekwa pale alijua?

KIBANDA chenyewe ni cha mabati matupu, juu hadi chini. Viti ni mbao zilizopigiliwa juu ya magogo, na pazia jeusi la mlangoni ndilo linalotenga giza la ndani na mwangaza wa uchochoroni. Hapa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda uliobanana kandokando ya viwanda vya Industrial Area na Mto Ngong, katika eneo bunge la Embakasi Kusini, jioni ya Jumamosi ni jioni ya vibarua waliopokea ujira wao. Wengine huenda kutazama kandanda. Wengine huja hapa kwenye sinema, ambapo kiingilio hakizidi bei ya chai na andazi.

Kwa kawaida wateja huja kutazama ngumi na bunduki. Hupenda zaidi sinema za ng'ambo zilizotiwa maelezo na DJ Afro, yule mfasiri wa sinema ambaye sauti yake yajulikana katika vibanda kote nchini. Lakini Jumamosi niliyofika mimi, mwenye kibanda alikuwa ametundika karatasi nje iliyoandikwa kwa kalamu nzito: "Leo Borat. Vicheko tupu. Watoto marufuku."

Ilani hiyo ya mwisho ilikuwa ya haki. Huko Uingereza sinema hiyo hairuhusiwi kwa mtoto aliye chini ya miaka 15, na Marekani asiyetimiza miaka 17 hawezi kuingia bila mzazi au mlezi. Ina matusi, ina uchi, na ina mambo ambayo mtu hawezi kuyatazama akiwa ameketi na mama mkwe.

Borat ilitoka mwaka wa 2006. Mwelekezi wake ni Larry Charles, na mchezaji mkuu ni Mwingereza Sacha Baron Cohen, mzaliwa wa London. Ndani yake Cohen ajifanya mwanahabari kutoka Kazakhstan aliyetumwa Marekani kujifunza mila za huko. Ana masharubu, suti ya kijivu na Kiingereza kilichovunjika. Ujanja wa sinema ni kwamba Wamarekani wengi anaokutana nao si waigizaji. Ni watu wa kawaida walioambiwa kwamba wanahojiwa na mwanahabari wa kweli kutoka ng'ambo. Wao wanazungumza kwa dhati. Yeye anafanya mzaha.

Mzaha huo ulileta pesa. Sinema iliyogharimu takriban dola milioni 18 iliingiza zaidi ya dola milioni 260 ulimwenguni, na Januari 2007 Cohen akapewa tuzo ya Golden Globe. Lakini pia ilileta kesi, marufuku na ghadhabu. Nilitaka kuona watu wa Mukuru wangeipokea vipi.

Mgeni na kuku wake

Sinema inaanzia kijijini kwa Borat. Barabara ni matope. Nyumba zimechakaa. Ng'ombe yumo sebuleni, na gari linavutwa na farasi. Mtu mmoja wa mbele akapiga kelele, "Hapa si kwa Reuben kweli?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha kudharau. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyejiona kwenye kioo.

Kwa kuwa nakala ile haikuwa na sauti ya DJ Afro, kijana mmoja wa chuo alisimama kando ya skrini na kufasiri papo hapo. Alijua kazi yake. Borat anaposema lugha ambayo sinema inaiita Kikazakh, yule kijana alitunga maneno yake mwenyewe, na hakukosea sana, kwani lugha anayosema Cohen humo si Kikazakh hata kidogo. Kwa sehemu kubwa ni Kiebrania.

Kisha Borat akafika New York, akapanda gari la moshi la chini ya ardhi na kufungua sanduku lake. Kuku akaruka nje. Abiria wakashtuka, wengine wakapiga mayowe. Hapo Mukuru ilicheka zaidi ya yote, lakini haikumcheka Borat. Iliwacheka abiria. "Kuku mmoja tu!" alisema mama mmoja aliyeketi karibu nami, muuza mboga aliyekuja na dadake baada ya kufunga kibanda chake. "Mimi nimetoka Machakos na kuku watatu kwenye matatu, na kondakta akanisaidia kuwashika."

Ni jambo la kufikiriwa. Waliotengeneza sinema walikusudia mtazamaji wa Marekani acheke mgeni mshamba, halafu acheke wenzake. Mtazamaji wa Mukuru aliruka hatua ya kwanza. Kwake yule mshamba alikuwa mtu wa kawaida, na vituko vilikuwa vya mji.

Kicheko kilipokatika

Katikati ya sinema kuna tukio la uwanjani, katika mji wa Salem, jimbo la Virginia, ambako watu wamekuja kutazama mashindano ya kupanda farasi. Borat anapewa kipaza sauti. Anaisifu vita ya Marekani, na umati unamshangilia. Anazidisha maneno, yanakuwa ya kumwaga damu, na bado wengine wanashangilia. Mwishowe anaimba wimbo wa taifa wa kubuni kwa sauti ya wimbo wa taifa wa Marekani, na hapo ndipo umati unapomzomea. Watazamaji wa kibandani walitikisa vichwa. Maneno ya kuua watu hayakuwaudhi wenye uwanja, lakini wimbo uliwaudhi.

Punde likaja tukio la vijana watatu wa chuo kikuu waliompa Borat lifti. Wamelewa. Mmoja wao anatamka kwamba laiti utumwa ungerudi. Mfasiri wetu alisita. Akatazama chini, kisha akalifasiri neno kwa neno. Hakuna aliyecheka. Kwa muda wa dakika moja hivi kilichosikika ni jenereta ya jirani tu.

"Sasa hapo ndipo ninapompenda huyu Mzungu," alisema kijana mmoja anayesomea uhasibu, baada ya sinema kwisha na taa kuwashwa. Hoja yake ilikuwa hii: ukimwendea mtu na kumuuliza waziwazi kama anabagua wengine, atakana. Borat anajifanya mjinga anayekubaliana naye, na mtu yule anafungua moyo. Alikumbusha pia tukio la duka la bunduki, ambapo Borat anauliza ni silaha gani inayofaa kujikinga na Myahudi, na muuzaji anamjibu bila kushtuka, kana kwamba ameulizwa bei ya sukari. Cohen mwenyewe ni Myahudi. "Bila uongo ule, ukweli huu tungeuona wapi?" aliuliza kijana yule.

Wengi walimuunga mkono, na hoja yake ni nzito. Wawili kati ya wale vijana wa chuo walikwenda mahakamani, wakidai walidanganywa na kuleweshwa. Hawakufaulu. Mwaka wa 2008 jaji mmoja wa New York alitupilia mbali kesi za Wamarekani wengine walioonekana katika sinema hiyo, kwa sababu walikuwa wametia sahihi hati za kukubali kupigwa picha. Waliosema maneno yale ni watu wazima, tena kwa ndimi zao wenyewe. Aliyewaaibisha zaidi ni nani, Borat au wao?

Hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipowaambia jambo ambalo sinema haisemi.

Kijiji kiitwacho Tope

Kile kijiji cha mwanzo hakiko Kazakhstan. Kiko Romania, mbali sana na huko. Kinaitwa Glod, na neno hilo kwa Kiromania lina maana ya tope. Wakazi wake wengi ni Waroma, jamii ambayo imebaguliwa Ulaya kwa karne nyingi. Ni maskini. Watengenezaji wa sinema walifika wakapiga picha, wakaondoka.

Wanakijiji walisema baadaye kwamba waliambiwa inatengenezwa filamu ya habari kuhusu maisha yao, na kwamba walilipwa dola chache mno. Walipokuja kuiona wenyewe, walijikuta wakitajwa kuwa wezi, wabakaji na watu wa kulala na dada zao. Mzee mmoja aliyekatika mkono alivalishwa kitu cha aibu badala ya mkono wa bandia, na akasema hakujua ni kitu gani. Kampuni iliyotoa sinema ilikana kwamba iliwanyonya, ikasema ililipa vizuri kwa kiwango cha huko na kutoa misaada kwa kijiji.

Mwaka wa 2006 baadhi yao walifungua kesi New York wakidai dola milioni 30. Jaji alisema madai yao hayakufafanuliwa vya kutosha, na kesi haikufika popote. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 2008, ilitolewa filamu ya habari iitwayo Carmen Meets Borat, iliyomfuata msichana mmoja wa kijijini humo na jamaa zake katika sokomoko hilo.

Nilipomaliza, hakuna aliyesema neno kwa muda. Ni yule aliyepiga kelele mwanzoni, kibarua wa kiwanda cha plastiki, aliyevunja kimya. "Kumbe nilikuwa nacheka watu waliochezwa," alisema polepole. "Na mimi ndiye niliyesema hapo ni kwetu."

Mama muuza mboga hakuwa ametoa sauti. Sasa alitoa. Alisimulia kwamba miezi michache iliyopita vijana wawili walimjia kibandani wakiwa wamevaa makoti kama ya kanjo. Mmoja akaanza kuzoa sukuma wiki na nyanya zake akizitia kwenye gunia, akimwambia hana leseni. Mama akamshika miguu. Alilia, akawasihi, akawatajia hata karo ya mtoto anayodaiwa. Ndipo mwenzao wa tatu akatokeza na simu mkononi, wote wakacheka, wakamwambia ni mchezo tu. Walimrudishia nyanya zake, nyingine zikiwa zimepondeka, na kumpa shilingi mia mbili.

"Nilicheka pia," alisema. "Ungefanya nini? Umeshaona si kanjo, unacheka kwa kushukuru Mungu. Lakini wiki iliyofuata binti yangu alirudi kutoka shule analia. Wenzake walikuwa wananiigiza nikishika miguu ya mtu."

Kijana wa uhasibu aliinamisha kichwa. "Pole sana, mama," alisema.

"Hukunifanyia wewe, mwanangu," mama akamjibu. "Lakini wewe uliiona ile video?"

Kijana alikiri kwamba aliiona. Tena aliwatumia wenzake.

Waliojibu na wasiojibu

Katika mila za Waswahili na majirani zao kuna kitu kiitwacho utani. Wangoni na Wahehe wa Tanzania, ambao mababu zao walipigana vita vikali karne ya 19, leo hutukanana wakicheka, hata kwenye matanga. Mtani aweza kukunyang'anya kofia, akuite mchawi, alale kaburini akidai ni lake. Lakini utani una sharti moja. Ni wa pande mbili. Ukinitania leo, kesho nami nitakutania, na wote twajua kwamba ni utani. Asiyeweza kujibu si mtani. Huyo ni mtu anayeonewa.

Ukichukua kipimo hicho ukaipima nacho Borat, utaona kwa nini wengine waliumia na wengine hawakuumia.

Tazama Kazakhstan yenyewe. Nchi hiyo ni ya 9 kwa ukubwa duniani na ndiyo inayoongoza kwa kutoa madini ya urani. Cohen alipoanza mizaha yake, serikali ilikasirika mno. Mwaka wa 2005 wizara ya mambo ya nje ilitishia kumshtaki, na tovuti yake iliyosajiliwa nchini humo ikafungwa. Mwaka wa 2006 serikali ilinunua kurasa katika gazeti la New York Times kueleza sifa za nchi. Lakini mwaka huo huo Rais Nursultan Nazarbayev, akiwa ziarani Uingereza, alisema kwamba hiyo ni kazi ya mchekeshaji, basi watu na wacheke.

Aibu haikukoma hapo. Machi 2012, katika mashindano ya kulenga shabaha huko Kuwait, mwanamke wa Kazakhstan aliyeshinda dhahabu alisimama jukwaani kupokea nishani yake, na waandalizi wakamchezea ule wimbo wa kubuni wa Borat wakidhani ndio wimbo wa taifa. Ilibidi sherehe irudiwe. Hata hivyo, mwezi mmoja baadaye waziri wa mambo ya nje aliambia bunge kwamba anamshukuru Borat, kwa kuwa maombi ya viza ya watalii yalikuwa yameongezeka mara kumi. Sehemu ya pili ya sinema ilipotoka Oktoba 2020, bodi ya utalii ya nchi hiyo ilichukua maneno ya Borat mwenyewe na kuyafanya tangazo la kuwakaribisha wageni. Mtani amejibu. Mchezo ukawa sare.

Lakini Glod haina wizara. Haina bodi ya utalii wala pesa za kununua ukurasa wa gazeti la New York. Kijiji hicho hakikuwa hata na jina lake katika mzaha ule, kwa kuwa kilivalishwa jina la nchi nyingine. Mchezo wa paka, kwa panya ni mauti.

Yaelekea watengenezaji nao walijifunza kidogo. Katika sinema ya 2020 kulikuwa na mama mmoja wa Oklahoma, Mmarekani mweusi, aliyeajiriwa kumtunza msichana anayeigiza binti ya Borat. Hakujua kwamba ni sinema ya mzaha. Alimhurumia yule msichana kwa dhati na kumshauri asome, ajitegemee. Watazamaji walimpenda kuliko mtu mwingine yeyote humo. Baadaye Cohen alitoa dola 100,000 kwa ajili ya jamii ya kanisa la mama huyo. Waliochekwa katika sinema ni wakubwa. Yeye hakuchekwa, ila hata hivyo alidanganywa, na angalau alikumbukwa.

Mizaha ya nyumbani

Mambo haya si mageni Afrika. Huko Afrika Kusini, Jamie Uys alitengeneza Funny People mwaka wa 1976, sinema ya kunasa watu kwa kamera ya mafichoni, kabla ya kupata umaarufu kwa The Gods Must Be Crazy ya mwaka wa 1980. Hiyo ya pili ilichekesha vizazi vya Wakenya. Lakini mchezaji wake mkuu, N!xau, Msan wa Namibia, inasemekana alilipwa chini ya dola 300 kwa sinema iliyoingiza mamilioni. Alifariki mwaka wa 2003. Baada ya Uys akaja Leon Schuster, bingwa wa kuvaa sura za bandia na kutega watu barabarani. Juni 2020 kituo cha Showmax kiliondoa baadhi ya sinema zake, kwa sababu humo yeye, Mzungu, alijipaka rangi akajifanya Mwafrika. Zilizochekesha miaka ya 1990 ziligeuka mwiba.

Hapa Kenya wengi wakumbuka Naswa ya runinga ya Citizen, iliyotega watu mitaani na kuwaonyesha kamera mwishoni. Wakumbuka pia Redykyulass, vijana watatu walioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kumuigiza Rais Daniel arap Moi wakati ambapo kumtania rais hadharani kulikuwa ni kujipalia makaa. Walichagua mkubwa kuliko wote nchini, mwenye polisi na redio ya taifa. Kila mtu alijua angeweza kujibu, na ndiyo sababu watu walicheka huku wakiwahofia.

Mzee mmoja fundi wa viatu, aliyekuwa kimya pembeni usiku kucha, aliyajumlisha hayo vizuri kuliko mwandishi huyu. Alisema kwamba ukimtupia jiwe aliye juu ya mti, hiyo ni kazi ya ushujaa, lakini ukimtupia aliye shimoni, unamfukia.

"Sasa, mzee, wale Wamarekani wa bunduki na wa utumwa walikuwa juu ya mti?" kijana wa uhasibu aliuliza.

"Walikuwa juu kabisa," mzee akajibu. "Hao nawacheka bila haya. Wale wa matope hapana."

Ukijiwa na kamera

Mukuru imezoea kamera. Huja za wafadhili, za wanahabari, za wanasiasa wakati wa kampeni, na zilikuja nyingi baada ya mafuriko ya mwaka wa 2024 yaliyosomba nyumba kando ya Mto Ngong. Sasa kila kijana mwenye simu ni mtengenezaji wa sinema. Wengi wao ni wabunifu hodari wanaotafuta riziki, na si vyema kuwakatisha tamaa. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 33, yalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Lakini kifungu cha 28 chalinda heshima ya kila mtu, na cha 31 chalinda faragha yake.

Juu ya hayo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Picha na sauti yako ni data yako. Anayeitumia bila idhini yako aweza kulalamikiwa kwa Kamishna wa Data, kwa maandishi au hata kwa mdomo, na lalamiko lapaswa kuchunguzwa ndani ya siku 90. Si maneno matupu. Septemba 2023 mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ruhusa yake. Wakati huo huo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ni kweli sheria hiyo yaacha mwanya kwa kazi za habari, fasihi na sanaa. Lakini mwanya si lango la kupitisha kila kitu.

Kwa hivyo, msomaji, ukijiwa na kamera, uliza maswali manne kabla ya kusema neno. Wewe ni nani na umetumwa na nani? Picha hizi ni za nini? Zitaonyeshwa wapi? Na nikibadili nia, nitakupata wapi? Ukipewa karatasi ya kutia sahihi, usiitie kwa haraka. Waombe wakusomee kwa lugha unayoielewa, na ubaki na nakala. Kumbuka wale Wamarekani waliopoteza kesi. Hawakupoteza kwa sababu walisema uongo, bali kwa sababu sahihi zao zilikuwa kwenye karatasi ambazo hawakuzisoma kwa makini.

Na kama ni mtoto wako anayepigwa picha, idhini ni yako wewe mzazi. Mtoto hatoi idhini kwa peremende.

Kwa upande wa vijana wenye simu, kanuni ni rahisi kuliko sheria. Mwonyeshe uliyemnasa video nzima kabla ya kuituma. Akisema hapana, ifute mbele yake. Akisema ndiyo, mlipe sehemu ya kile utakachopata, si shilingi mia mbili za kununua soda. Na kabla ya hayo yote, jiulize kama ungemfanyia hivyo diwani wako, au meneja wa kiwanda unachotafuta kazi. Ikiwa huthubutu, basi mama mboga naye mwache auze mboga zake.

Ilikuwa imepita saa nne usiku tulipotoka. Mwenye kibanda alikuwa akikunja waya zake. Nilimuuliza kama ataionyesha Borat tena, akasema ataionyesha Jumamosi ijayo, kwa kuwa watu wamefurahi na pesa zimepatikana. Lakini alisema atamwomba mfasiri aeleze mwanzoni kwamba kile kijiji ni cha Romania, na kwamba wale watu hawakuwa wakiigiza.

Nje, kijana wa uhasibu alikuwa amesimama chini ya taa kubwa ya mtaa, simu mkononi, akitafuta ujumbe wa zamani. Alimwonyesha mama muuza mboga skrini, akaifuta ile video mbele yake, kisha akaanza kuwaandikia mmoja mmoja wale aliowatumia, akiwaomba nao waifute. Mama alitazama hadi ujumbe wa tatu. Halafu akamshika dadake mkono, wakashika njia ya kwenda nyumbani, kwa kuwa lori la mboga hufika Marikiti kabla ya alfajiri.